Chumvi na Mafuta ya Kibiro

Kibiro, kijiji cha Bunyoro nchini Uganda, kimebanwa kati ya Ziwa Albert na ukuta wa Bonde la Ufa. Chini ya ukuta huo hububujika maji moto yenye chumvi.

Mashamba ya chumvi ni ya wanawake, nao hurithishana. Humwaga udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu. Jua likiwaka, chumvi hupanda na kunata kwenye udongo huo. Udongo hukwanguliwa, hutiwa kwenye chungu kilichotobolewa kitako na kumiminiwa maji. Kinachodondoka huchemshwa hadi kikauke. Kazi hii ina miaka ipatayo 900, na chumvi yake ilivuka ziwa kwenda kuuzwa.

Jirani, mafuta huvuja ardhini. Mwanajiolojia E. J. Wayland aliandika kuyahusu mwaka 1925. Kisima cha kutafuta mafuta kikachimbwa Butiaba, pia kando ya ziwa, mwaka 1938. Hazina ya mafuta ya kibiashara ilithibitishwa bondeni mwaka 2006 tu!