Mimea Ilivyoingia Katika Chakula cha Kuku

Virutubisho vya mimea wanavyouziwa wafugaji wa kuku, vikiwa na mafuta ya oregano, unga wa manjano au viini vilivyokamuliwa kutoka rosemari na mbegu za zabibu, husifiwa kuwa ni kurejea kwa asili baada ya enzi ya antibiotiki. Historia haikubaliani kikamilifu na sifa hiyo, kwa kuwa antioksidanti za mimea, yaani kemikali zinazozuia oksijeni isiharibu mafuta na chembe hai, zilianza kuwashughulisha watafiti wa lishe ya kuku kabla ya antibiotiki, tena kwa sababu ambazo hazikuhusu utumbo, hoja kuu ya wauzaji wa leo.

Mwaka 1922 Herbert Evans na Katharine Bishop wa Chuo Kikuu cha California walionyesha kuwa panya waliopewa mlo uliosafishwa hawakuweza kuzaa, na kwamba kirutubisho walichokikosa, ambacho baadaye kiliitwa vitamini E, kilipatikana katika majani mabichi na kiini cha ngano. Miaka tisa baadaye, Alwin Pappenheimer na Marianne Goettsch walieleza ugonjwa wa vifaranga waliopepesuka, wakapinda shingo na kuanguka kwa sababu ubongo wao ulikuwa umeharibika. Ilikuja kubainika kwamba vifaranga hao walipungukiwa na vitamini E, na kwamba mafuta yaliyochacha huzidisha tatizo hilo, kwani huiteketeza vitamini hiyo ndani ya chakula chenyewe. Kazi ya kwanza ya antioksidanti katika kiwanda cha chakula cha kuku ikawa ni kuzuia mafuta yasichache, na katika miaka ya 1950 ilikabidhiwa kwa kiasi kikubwa ethoksikwini, kemikali ya kutengenezwa ambayo ilikuwa rahisi na haikuhitaji shamba.

Wakati huohuo antibiotiki zilikuwa zimeshafika. Watafiti wa Wisconsin waliona mwaka 1946 kuwa vifaranga waliopewa streptomaisini walikua haraka zaidi, lakini biashara ilitokana na kazi ya Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara ya Lederle, ambao walikuwa wakitafuta chanzo cha bei nafuu cha vitamini B12 katika masalia ya uchachushaji wa antibiotiki iitwayo Aureomycin. Masalia hayo yaliwakuza vifaranga kuliko ambavyo vitamini peke yake ingeweza, na tangazo lao la mwaka 1950 lilifungua mlango wa kuchanganya dozi ndogo za antibiotiki katika chakula cha mifugo wasio wagonjwa.

Mlango huo ulifungwa polepole. Ripoti ya Swann ya Uingereza ilionya mwaka 1969 kuhusu usugu, yaani uwezo wa bakteria kuhimili dawa. Sweden ikapiga marufuku dozi hizo za kukuzia mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake tarehe 1 Januari 2006. Mfano wa Denmark ndio unaofunza zaidi. Wafugaji wake wa kuku wa nyama waliacha kwa hiari mwaka 1998, na uchunguzi uliofuata haukuonyesha ongezeko la vifo. Kilichopanda ni chakula kilicholiwa, kwa takriban gramu 16 tu kwa kila kilo ya kuku. Hata hivyo dawa za kuzuia koksidia, vimelea vinavyosababisha kuhara damu, ziliendelea kutumika, na baadhi yake huwadhibiti pia bakteria wa Clostridium wanaoozesha utumbo, jambo ambalo wauzaji wa mimea hawana haraka ya kulitaja.

Antibiotiki zilipoondolewa, ndipo utumbo ulipokuwa hoja kuu ya wauzaji wa mimea. Polifenoli, kundi kubwa la antioksidanti za mimea, hufyonzwa kidogo tu kuingia katika damu, hivyo sehemu kubwa hubaki utumboni, ambako hukutana na bakteria na ukuta unaofyonza chakula. Kavakroli na thimoli, kemikali za mafuta ya oregano, kwa upande wake hutoboa utando wa bakteria. Maelezo hayo yana mantiki, lakini matokeo hubadilika kutoka banda hadi banda, kwa kuwa kiasi cha kemikali hizo hutegemea aina ya mmea, udongo na wakati wa kuvuna. Tena si kila polifenoli ni rafiki: tanini za mtama wa kahawia, unaopandwa Afrika Mashariki kwa sababu ndege huukwepa, hushikamana na protini na kudumaza vifaranga.

Umoja wa Ulaya uliisitisha ethoksikwini mwaka 2017, na rosemari ikapata nafasi zaidi katika kazi ileile ya zamani ya kulinda mafuta. Kuhusu utumbo, sheria za Umoja huo zina tahadhari kubwa kuliko matangazo, kwani sehemu kubwa ya mafuta na viini vya mimea imesajiliwa humo kama viungo vya kutia ladha, ingawa kuku ana vionja-ladha vichache mno akilinganishwa na binadamu.