Mwashi na Mvunjaji Katika Mfupa

Watu wengi hudhani mfupa ni kitu kilichokwisha: hukua mpaka ujana, kisha hukaa kama boriti ya nyumba hata mwenyewe azikwe. Dhana hiyo ilianza kutikisika juu ya meza ya chakula. Katika mwaka 1736 John Belchier, tabibu mpasuaji wa London, alikula kwa mpiga chapa wa vitambaa, akaona mifupa ya nguruwe aliyeandaliwa ni myekundu. Nguruwe yule alikuwa amelishwa pumba zilizolowa rangi ya mizizi itumikayo katika kazi ile.

Mfaransa Duhamel du Monceau aliishika habari hii. Akawalisha wanyama rangi, akawakatiza, akawalisha tena. Alipoikata mifupa yao akakuta tabaka nyekundu na nyeupe zimepangana. John Hunter, aliyefariki mwaka 1793, alikwenda mbali zaidi. Aliona ya kuwa mfupa ukiongezwa upande mmoja huondolewa upande mwingine, ama sivyo mfupa wa mtoto usingeweza kukua na kuhifadhi umbo lake.

Nani basi aondoaye? Mwaka 1873 Albert Kölliker, Mswisi aliyefundisha Würzburg, alieleza seli kubwa zenye viini vingi zilizolala katika vishimo vya mfupa, akazipa jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya mvunja mfupa: osteoklasti. Seli hizo humwaga asidi iyeyushayo madini, na vimeng'enya vya kumalizia nyuzi za protini. Nyuma yao huja osteoblasti, waashi, wakajaza shimo. Kuchimba ni kazi ya wiki chache. Kujaza ni ya miezi. Kwa mtu mzima yapata sehemu moja katika kumi ya mifupa hufanywa upya kila mwaka.

Lakini yupi amzuiaye mmoja asimzidi mwenziwe? Mwaka 1981 Gideon Rodan na T. J. Martin walitoa rai ambayo naiona kuwa ndiyo fundo la historia hii yote. Homoni ya tezi ndogo za shingoni, paratiroidi, ilijulikana kuwa huamsha uvunjaji. Hata hivyo, aliyeonekana kuipokea ni mwashi. Kwa hiyo, walisema, mwashi ndiye amwitaye mvunjaji. Miaka mingi ikapita kabla mjumbe wa wito huo hajashikwa.

Mwaka 1997 watafiti wa Amgen, kampuni ya Marekani, walitangaza protini ambayo panya waliofanywa kuwa nayo kwa wingi walipata mifupa mizito kupita kiasi. Wakaiita osteoprotegerini, mlinzi wa mfupa. Wajapani wa Snow Brand, kampuni ya maziwa (na kwa habari za mifupa hilo lachekesha kidogo), waliifikia protini iyo hiyo kwa njia yao. Mwaka 1998 makundi yote mawili yakampata mjumbe, aitwaye siku hizi RANKL. Osteoblasti na jamaa zake humtuma. Akishikana na kipokezi chake, RANK, juu ya seli changa za ukoo wa damu, seli hizo huungana zikawa osteoklasti. Na watumaji wale wale hutoa osteoprotegerini, imdakayo mjumbe njiani. Aitaye na azuiaye wakaa nyumba moja. Mwaka 2011 ilidhihirika ya kuwa katika mfupa uliokomaa mtumaji mkuu ni osteositi, yaani mwashi wa zamani aliyezikwa ndani ya kazi yake mwenyewe.

Mwanamke akomapo hedhi, homoni ya estrojeni hupungua, wito huzidi, na uvunjaji hutangulia ujenzi. Tangu mwaka 2010 iko dawa iliyoidhinishwa kwa ajili yao, denosumabu, ambayo humkamata RANKL kama afanyavyo mlinzi wa asili. Sindano moja kila miezi sita. Ikisimamishwa bila dawa nyingine kushika zamu, wavunjaji hurudi kwa wingi, na wapo wagonjwa waliovunjika pingili kadhaa za uti wa mgongo katika miezi iliyofuata sindano iliyokosekana.