Ufa wa Senti 75

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisa cha leo ni cha ufa wa senti 75 tu.

Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, Marekani, mtaalamu wa nyota Clifford Stoll alitakiwa kueleza kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zimepishana kwa senti 75. Wengi wangezitoa mfukoni, yakaisha. Yeye alizifuatilia, akagundua kuna mgeni anayeingia mtamboni kwa siri.

Hakumfungia mlango. Aliunganisha mashine za kuchapa kwenye laini za simu, na kila alichoandika mgeni yule kikabaki kwenye karatasi. Kumbe alikuwa akipitia hapo kwenda kwenye kompyuta za jeshi. Baadhi zilimfungukia kirahisi, maana wenyewe hawakubadili maneno ya siri yaliyotoka nazo kiwandani.

Mwaka 1987 Stoll alimtegea mafaili ya uongo ili akawie kwenye laini. Simu ikafuatiliwa hadi Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa kijana Markus Hess. Yeye na wenzake walikuwa wakiiuzia habari KGB, idara ya ujasusi ya Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1990 mahakama iliwatia hatiani.

Wakuu wa kompyuta wa leo wana mitambo ya ulinzi ambayo Stoll hakuiota. Lakini mtambo hutoa taarifa. Kuisoma ni kazi ya mtu. Je, ofisini kwako senti 75 zikipotea, nani atauliza?