Mto Tsurumi na Uwanja wa Juu ya Nguzo

Kutoka chemchemi yake huko Machida, magharibi mwa Tokyo, hadi unapoingia Ghuba ya Tokyo, mto Tsurumi una urefu wa kilomita 42.5 tu. Nilipokuwa nikiishi Kohoku, mjini Yokohama, niliuvuka kwa baiskeli kila asubuhi. Siku za kawaida maji yake yametulia. Yangeyange wamesimama penye kina kifupi wakivizia samaki, na mnandi wametandaza mbawa juani zikauke. Mgeni akiambiwa kwamba wenyeji wa zamani waliuhesabu miongoni mwa mito mikorofi, haamini.

Septemba 1958 kimbunga kilichokuja kuitwa Kanogawa kiliingiza maji katika nyumba zaidi ya 20,000 za bonde hili. Na wakati huo sehemu kubwa ya bonde ilikuwa bado mashamba na misitu. Mji ulikuwa umechukua kama asilimia 10 tu. Mwaka 1964 treni ya Shinkansen ilianza safari, stesheni ya Shin-Yokohama ikafunguliwa katikati ya majaruba ya mpunga, na watu wakamiminika. Vilima vikasawazishwa, nyumba zikapangwa juu yake. Leo mji umemeza kama asilimia 85 ya bonde. Mvua iliyokuwa ikinywewa taratibu na udongo wa msituni ikawa inateremka kwenye lami na mifereji, inafika mtoni yote kwa mpigo. Mafuriko ya 1966 na 1976 hayakuletwa na mawingu peke yake. Mkono wa mtu ulikuwamo, nami nalisema hilo bila kusita.

Sifa ninayowapa Wajapani ni kwamba walikubali kuutazama mto pamoja na bonde lake lote. Ramani ya bonde hilo ina umbo la tapiri, mnyama ambaye katika hadithi zao hula ndoto mbaya, na mabango ya barabarani yenye picha yake humjulisha mpita njia kwamba ameingia katika eneo la Tsurumi. Maelfu ya mabwawa madogo ya kuzuia mvua yalichimbwa humo. Kisha pale Shin-Yokohama zikatengwa hekta 84 za kupokea maji ya mto unapofurika, zilizoanza kazi mwaka 2003.

Nilikwenda kulitazama tuta la pale. Sehemu moja imeshushwa makusudi, chini kuliko tuta lingine lote. Mto ukipanda hadi hapo, maji yanaruka yenyewe na kumwagikia bustani na viwanja vya mazoezi. Eneo hilo la hekta 84 linaweza kubeba mita za ujazo milioni 3.9. Uwanja mkubwa wa mpira, ule uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia la 2002, umesimamishwa humo humo juu ya nguzo, maji yapite chini yake.

Wanyama nao waliteseka. Miaka ya kupanuka kwa mji mto ulijaa uchafu wa majumbani na viwandani. Usafishaji wa majitaka umeubadilisha, na samaki aina ya ayu wamerudi kupanda kutoka baharini. Agosti 2002 hata sili mmoja mwenye sharubu, mkazi wa bahari za barafu za kaskazini, aliibuka humo baada ya kuonekana katika mto mwingine, Tama. Wajapani walimwita Tama-chan, wakajazana kingoni kumtazama.

Tarehe 12 Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilipiga. Eneo lile la Shin-Yokohama lilimeza karibu mita za ujazo 940,000. Kesho yake jioni, juu ya nguzo zile, Japani iliifunga Scotland 28 kwa 21 katika Kombe la Dunia la raga, ikaingia robo fainali kwa mara ya kwanza. Hekta 84 katikati ya Yokohama ni ardhi ya fedha nyingi. Kuiacha ilowe kwa ajili ya mto ni uamuzi bora kuliko tuta lolote refu ambalo wangeweza kulijenga.