Kirefusho cha Boksi: Istilahi na Matumizi Yake

Katika gereji za Mbeya na Iringa, neno ekstensheni hutaja ufito wa chuma cha pua unaounganishwa kati ya racheti, yaani mpini unaozungusha kwa nguvu upande mmoja na kurudi bure upande wa pili, na boksi, yaani kikombe cha chuma kinachovaa kichwa cha nati au bolti. Ncha moja ya ufito huo ina tundu la mraba, ambalo ni jike, na ncha ya pili ina kichwa cha mraba, ambacho ni dume, chenye gololi ndogo inayosukumwa na springi ili boksi lisidondokee ndani ya injini. Kazi yake ni kuufikisha mzunguko mahali ambapo mkono na mpini havifiki.

Neno hilo limekopwa pamoja na chombo chenyewe, na mafundi wanaelewana nalo, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, kwa Watanzania wengi ekstensheni ni waya wa kuvutia umeme, kama vile soketi, jina jingine la boksi, ilivyo tundu la umeme la ukutani, hivyo mwanafunzi anayeyakuta maneno hayo mawili katika sentensi moja huweza kudhani kuwa somo ni la umeme wa majumbani. Pili, na hili ndilo zito zaidi, neno hilo halisemi ni kitu gani kinachorefushwa, ilhali ufundi wa magari una marefusho mawili yenye matokeo tofauti kabisa.

Tofauti hiyo huonekana kwa hesabu fupi. Fundi akisukuma racheti yenye urefu wa mita 0.25 kwa nguvu ya nyutoni 200, torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayoifikia nati, ni nyutoni-mita 50. Akichomeka ufito wa sentimita 25 kati ya racheti na boksi, torki hubaki 50 ileile, kwa kuwa ufito umelala kwenye mhimili wa mzunguko na haujauongeza umbali wa mkono kutoka kwenye mhimili huo. Lakini akivisha bomba kwenye mpini hadi urefu ufike mita 0.5 na kusukuma kwa nguvu ileile, torki hupanda hadi 100, na bolti iliyopaswa kukazwa kwa 50 huweza kukatika.

Barabara kuu iendayo Zambia, inayopanda mlima Kitonga mkoani Iringa na kupita Uyole na Mbalizi mkoani Mbeya, hubeba malori ambayo magurudumu yake ya nyuma hufungwa mawilimawili, na nati zake huzama ndani ya rimu ya nje. Hapo huhitajika ufito mnene wenye mraba wa robo tatu ya inchi au wa inchi nzima, na ncha ya upande wa mpini hutegemezwa juu ya stendi, kwa sababu ufito ukiinama boksi hukaa upande na pembe za nati hulika. Katika gari dogo ambalo plagi zake zimezama katikati ya silinda hedi, mraba wa nusu inchi au wa 3/8 hutosha, pamoja na ufito wa sentimita 15 hadi 25. Plagi mpya huanzwa kwa vidole vikiuzungusha ufito wenyewe, bila racheti, ili vidole vihisi mapema iwapo meno yamepandana, kabla silinda hedi ya alumini haijaharibika.

Kanuni ya kuchagua ni kutwaa ufito mfupi kuliko zote zinazofika, kwa kuwa mrefu na mwembamba hujisokota kabla nati haijasogea, na huyumba kwa urahisi. Bunduki ya upepo, yaani mashine inayozungusha nati kwa mapigo ya hewa, hutaka ufito mweusi uliotengenezwa kuhimili mapigo, kwani ule unaong'aa kwa kromu huweza kupasuka na kurusha vipande.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limezoea kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili kabla ya kukopa nje, na hapa Kiswahili hakihitaji kwenda mbali. Kitenzi refusha, kikiwekwa katika umbo lililozaa kizibo, kifuniko na kichujio, hutoa kirefusho, na kihusishi cha -a humaliza kazi ambayo ekstensheni iliiacha: ufito wa kufikia kina ni kirefusho cha boksi, na bomba la kuongeza nguvu ni kirefusho cha mpini. Mwanafunzi anayeagizwa cha kwanza ameshaambiwa kuwa torki haitabadilika. Anayesikia cha pili ameshaonywa kuwa bolti iko hatarini.