Mtandao upo, njia haipo: Kwa nini matawi hayaonani na fundi aanzie wapi

Mwanachama wa SACCO ameweka akiba yake asubuhi katika dirisha la Malaba. Alasiri anafika Kirewa, wilayani Tororo, na kuomba kutoa sehemu ya fedha hizo ili amlipie mgonjwa. Karani anabonyeza, anasubiri, kisha anatamka maneno ambayo kila mkazi wa mpakani ameyazoea: "Mtandao hakuna." Ajabu ni kwamba kompyuta hiyohiyo inawasiliana na makao makuu mjini Tororo bila taabu yoyote. Na Malaba nayo inawasiliana na Tororo. Ni Kirewa na Malaba tu ambazo hazionani.

Huo ni mfano tuliouunda kwa ajili ya maelezo, lakini hitilafu yenyewe ni ya kweli, na mafundi wa mitandao hukutana nayo kila mahali ambako ofisi nyingi ndogo hutegemea ofisi moja kubwa. Mara nyingi waya haujakatika wala mtambo haujaharibika. Kilichokosekana ni habari ya njia. Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu za namna hiyo, dalili zake, na mpangilio wa kuzichunguza.

Gurudumu la baiskeli

Wakazi wa Busia na Malaba hawahitaji kufundishwa gurudumu la baiskeli. Biashara ya boda boda ilichipuka katika mpaka huu, pale waendesha baiskeli walipowavusha wasafiri na mizigo yao kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Itazame baiskeli hiyo: kila spoki huanzia kitovuni na kuishia ukingoni. Hakuna spoki inayounganisha sehemu mbili za ukingo bila kupitia kitovu.

Mitandao mingi ya kompyuta imejengwa kwa umbo hilo, na sababu kubwa ni gharama. Ukitaka ofisi 4 ziunganishwe kila moja na mwenzake, utahitaji viungo 6. Ukizipitisha zote kitovuni, vitatosha 3. Kwa ofisi 20, tofauti ni kati ya viungo 190 na 19. Shirika lenye bajeti ndogo halina haja ya kufikiri mara mbili.

Ukanda huu wote uliwahi kuishi kwa mpango huo. Kabla ya mikongo ya baharini kufika Mombasa, ukianza na SEACOM na TEAMS mwaka 2009 kisha EASSy mwaka 2010, ofisi nyingi za Afrika Mashariki zilitegemea madishi ya setilaiti yaliyozungumza na kituo kimoja kikuu. Setilaiti za aina hiyo huelea takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe wa tawi moja kwenda tawi jingine ulipaa, ukashuka kitovuni, ukapaa tena na kushuka mara ya pili; swali na jibu lake kwa pamoja vilichukua zaidi ya sekunde 1. Leo madishi mengi yamepisha mikongo ya nyuzi na mahandaki ya siri yanayopita ndani ya intaneti, lakini umbo la gurudumu limebaki.

Jinsi ruta zinavyopashana habari

Ruta ni mtambo unaosoma anwani ya kila pakiti ya data na kuamua ipitie wapi. Uamuzi huo hutokana na jedwali la njia. Katika mtandao mdogo fundi anaweza kuliandika jedwali hilo kwa mkono. Mtandao ukikua, kazi hiyo huachiwa itifaki ya uelekezaji, yaani kanuni za mazungumzo ambazo kwazo ruta huambiana: "Mimi naweza kufika mahali fulani, na gharama yake ni kiasi hiki."

Itifaki hizo ni kadhaa. RIP, iliyowekwa katika waraka wa kanuni mwaka 1988, hutangaza njia zake kila baada ya sekunde 30 na huhesabu ruta zinazopitwa. Safari ikihitaji hatua 16, mahali hapo huhesabiwa kuwa hapafikiki. OSPF humpa kila mshiriki ramani ya eneo lake lote. EIGRP ilibuniwa na kampuni ya Cisco. BGP, iliyozaliwa mwaka 1989, ndiyo inayounganisha watoa huduma wa intaneti duniani kote.

Tabia nyingi za itifaki hizi zimejengwa juu ya dhana moja: kwamba ruta zilizo kwenye waya mmoja zimo kama katika chumba kimoja, na anachosema mmoja wote wanakisikia. Gurudumu huivunja dhana hiyo. Ruta ya kitovu yaweza kuwa na mlango mmoja tu unaoyatazama matawi yote, nayo hudhani kwamba matawi hayo yanasikizana. Kumbe kila tawi husikia sauti ya kitovu pekee. Hitilafu nyingi za mitandao ya aina hii zinatokana na kutoelewana huko.

Kitovu kinachonyamaza

Hitilafu ya kwanza ndiyo ile ya Kirewa na Malaba. RIP na EIGRP zina kanuni ya busara inayozuia ruta kutangaza habari kupitia mlango ileile ilikoingilia. Kanuni hiyo iliwekwa ili kuzuia mizunguko, ambapo ruta mbili hurudishiana pakiti bila kikomo, kila moja ikidhani mwenzake anaijua njia. Lakini katika gurudumu, habari ya Malaba huingia Tororo kwa mlango uleule unaoelekea Kirewa. Tororo huipokea, huihifadhi, na kunyamaza. Kirewa haitaambiwa kamwe kwamba Malaba ipo.

BGP nayo ina kanuni ya jirani: njia ambayo ruta imejifunza kutoka kwa mwenzake wa ndani ya shirika hilohilo haipitishwi kwa mwenzake mwingine wa ndani. Matokeo ni yaleyale.

Dalili ni rahisi kutambua. Jedwali la kitovu limekamilika. Jedwali la tawi lina njia ya kitovu tu. Tiba ni tatu. Ya kwanza ni kuizima kanuni hiyo kwenye mlango husika wa kitovu. Kwa BGP, kitovu hupewa rasmi kazi ya kuakisi njia za matawi. Ya pili ni kugawa mlango mmoja kuwa milango midogo, kila tawi na wake. Ya tatu, ambayo mara nyingi ndiyo bora, ni kitovu kutangaza njia moja ya jumla: "Chochote usichokijua, nipe mimi." Tawi halihitaji kuijua nchi nzima, linahitaji kujua kwamba kitovu kinaijua.

Majirani wasiosikizana

Hitilafu ya pili hutokea mapema zaidi, kabla hata ya njia kutangazwa. Ruta za OSPF husalimiana kwa vipindi maalumu. Katika ruta nyingi kipindi hicho ni sekunde 10 kwa aina fulani za viungo na sekunde 30 kwa nyingine. Jirani asiposikika kwa muda wa mara nne ya kipindi hicho, huhesabiwa kuwa amekufa. Vipindi vikitofautiana kati ya kitovu na tawi, ujirani haufungwi kabisa, hata kama waya ni mzima.

Tena, kwa baadhi ya aina za viungo OSPF huchagua msemaji mmoja anayekusanya na kusambaza habari za wote. Tawi likichaguliwa kuwa msemaji, matawi mengine hayatamsikia, kwa kuwa hayana njia ya moja kwa moja ya kumfikia. Fundi anapaswa kuyapa matawi yote kipaumbele cha 0, ili kazi hiyo ibaki kwa kitovu peke yake.

Chanzo kingine ni ukubwa wa pakiti. Pakiti ya kawaida hubeba hadi baiti 1,500. Ikipita katika handaki, hufungiwa ndani ya bahasha nyingine; bahasha ya aina moja inayotumika sana huchukua baiti 24, na usimbaji wa siri huongeza nyingine. Pande mbili zikiwa na vipimo tofauti, pakiti ndogo hupita na kubwa hukwama. Karani ataona maajabu: salamu zinafika, lakini ukurasa wenye taarifa za mteja haufunguki. Kwa OSPF, ujirani huanza kisha hukwama kabla ya kukamilika.

Njia ijulikanayo, hatua isiyofikika

Hitilafu ya tatu huwachanganya hata wazoefu. Jedwali la Kirewa linaonyesha Malaba, lakini pakiti hazifiki. Jambo la kutazama ni hatua inayofuata. Kitovu kinaweza kuipitisha habari bila kubadili jina la aliyeitoa, hivyo Kirewa ikaambiwa: "Ukitaka kufika Malaba, mpe Malaba mwenyewe." Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwenye kivuko kisicho na mtumbwi. Tiba ni kitovu kujitaja chenyewe kuwa hatua inayofuata, au kutumia aina ya kiungo ya OSPF inayotambua kwamba kituo kimoja kinahudumia vingi visivyoonana.

Handaki linalojimeza

Hitilafu ya nne hujitokeza kwa kupanda na kushuka kusikokoma: kiungo kinafufuka, kinafanya kazi kwa muda mfupi, kinakufa, kisha kinafufuka tena. Mara nyingi tawi limejifunza, kupitia handaki, kwamba njia bora ya kuufikia mdomo wa handaki ni kupitia handaki lenyewe. Pakiti huingizwa ndani ya bahasha yao wenyewe, na mawasiliano hukatika. Tiba ni kuandika kwa mkono njia ya kuifikia anwani ya nje ya kitovu kupitia mtoa huduma, na kuhakikisha anwani hiyo haitangazwi ndani ya handaki.

Mpangilio wa uchunguzi

Kosa la kawaida ni kuzima na kuwasha mitambo kabla ya kutazama. Kuwasha upya hufuta ushahidi, na hitilafu itarudi. Utaratibu ufuatao huokoa muda:

1. Thibitisha kiungo. Je, tawi linafikia anwani ya nje ya kitovu? Ikiwa sivyo, tatizo ni la mtoa huduma au umeme, si la itifaki.

2. Tazama ujirani. Je, kitovu na tawi vinatambuana? Kama hapana, linganisha vipindi vya salamu, maneno ya siri na ukubwa wa pakiti.

3. Linganisha majedwali mawili, la kitovu na la tawi. Kilichopo kitovuni na kisichopo tawini ndicho kitovu kilichokinyamazia.

4. Chunguza hatua inayofuata ya kila njia. Je, inafikika kutoka tawini?

5. Chunguza safari ya kurudi. Kirewa kuijua Malaba hakutoshi ikiwa Malaba haiijui Kirewa. Swali litafika na jibu litapotea.

6. Tuma pakiti kubwa, si ndogo pekee.

7. Andika kilichobadilishwa mwisho, na nani alikibadilisha.

Karani wa tawini anaweza kusaidia kazi hii kuliko anavyodhani. Badala ya kusema tu kwamba mtandao hakuna, aeleze ni mahali gani panafikika na mahali gani hapafikiki, hali hiyo ilianza saa ngapi, na kama inakuja na kuondoka. Taarifa hizo tatu zinaweza kumfikisha fundi moja kwa moja kwenye hatua inayohusika.

Dhamana ya kitovu

Kuna hitilafu ambayo hakuna itifaki inayoweza kuitibu: kitovu kuwa kimoja tu. Februari 2012, nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa, na watumiaji wa nchi kadhaa za kanda wakaathirika. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huduma zikazorota Kenya, Uganda na Tanzania. Si wanyonge peke yao: tarehe 4 Oktoba 2021, amri moja ya matengenezo iliufanya mtandao wa Facebook ujitenge, seva zake za majina zikaondoa matangazo yake ya BGP, na dunia ikakosa huduma hizo kwa takriban saa sita.

Funzo ni kuwa na kitovu cha pili, na kukijaribu kabla ya siku ya dhiki. Hata hivyo, pale vinapokuwapo vitovu viwili, fundi ahakikishe tawi halitangazi njia za kitovu kimoja kwa kingine. La sivyo kiungo chembamba cha Kirewa chaweza kugeuzwa barabara kuu ya shirika zima.

Funzo jingine ni kukutana karibu. Zamani, barua pepe kati ya watoa huduma wawili wa mji mmoja iliweza kuzunguka hadi ng'ambo na kurudi. Ndiyo sababu Uganda ilianzisha kituo cha kubadilishana data mjini Kampala mwaka 2001, na Kenya ikafungua tena cha Nairobi Februari 2002, baada ya mdhibiti kukifunga muda mfupi tangu kilipoanza. Kanuni hiyohiyo yafaa kwa mashirika madogo: matawi yanayoulizana kila siku yanaweza kuunganishwa moja kwa moja, na kitovu kikaachiwa yaliyobaki.

Mwanachama aliyesimama dirishani Kirewa haoni lolote kati ya haya. Anachojua ni kwamba fedha zake zipo na hawezi kuzipata. Ni wajibu wa fundi kujua kwamba, mara nyingi, kati ya mtu huyo na haki yake pamekosekana mstari mmoja tu katika jedwali la ruta.