Matairi ya trela la safari

Matairi ya trela la safari hubeba nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, aina ya makazi ya likizo iliyoenea sana Marekani na Kanada. Matairi ya gari dogo huisha kwa kuzunguka. Ya trela kwa kawaida huisha kwa kukaa. Trela huegeshwa uani majira yote ya baridi, na linapotolewa kwa safari ya kwanza ya kiangazi matairi yake huwa na kashata nene kama yametoka dukani jana, ilhali mpira wenyewe umekwisha kuchoka. Mwenye trela anayeangalia kipara peke yake anaihatarisha familia yake.

Mpira wa tairi huchanganywa na nta na kemikali za kuukinga na ozoni iliyomo hewani. Kinga hiyo husukumwa hadi juu ya mpira kila tairi linapojikunja barabarani. Tairi lililosimama miezi 7 halijikunji, kwa hiyo uso wake hubaki bila kinga, jua likiupiga upande mmoja, na nyufa nyembamba kama nywele huanza kujichora ubavuni. Kuyafunika matairi kwa vifuniko vyeupe na kuyasimamisha juu ya mbao kunasaidia. Kuyapaka mafuta ya kung'arisha yenye petroliamu kunadhuru, hata kama yatapendeza.

Umri husomwa ubavuni. Baada ya herufi DOT hufuata msururu wa herufi na namba, na tarakimu 4 za mwisho ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe imepigwa ubavu mmoja tu, na ubavu huo ukageuziwa ndani. Hapo hakuna njia ila kujilaza chini ya trela na tochi, kufuta tope kwa kitambaa, na kusoma tairi moja baada ya jingine, la akiba likiwemo. La akiba ndilo husahauliwa, na aghalabu lina umri sawa na mengine. Tarakimu 4 zilianza kutumika mwaka 2000. Ukikuta 3, tairi ni la karne iliyopita na halifai hata kulifikisha trela gereji. Desturi ya wavutaji makini ni kubadilisha kati ya mwaka wa 5 na wa 7, kashata ziwe zimebaki au la.

Jambo la pili ni upepo, na hauwezi kutenganishwa na mzigo. Alama ya ukubwa wa matairi haya huanza na herufi ST, na kila moja lina kiwango chake cha mzigo. Tairi la ST225/75R15 la daraja D hubeba kilo 1,150 likijazwa psi 65. La daraja E hubeba kilo 1,285 kwa psi 80. Kiwango hicho ni cha tairi lililojaa. Likipungua upepo, ubavu hujikunja kupita kiasi, joto hupanda, na mwishowe kashata hubanduka kutoka kwenye nyuzi za chuma. Ukanda huo unaopiga kama mjeledi hupasua sakafu, hukata nyaya na huweza kung'oa bomba la gesi ya kupikia. Kwa hiyo trela lipimwe kwenye mizani ya malori likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri. Tangi la lita 150 likijazwa maji ni kilo 150 nzima.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, alfajiri, kabla ya jua. Upande wa mashariki ukishaota jua, geji itaonyesha zaidi kuliko upande wa kivulini, na mwenye haraka atatoa upepo ambao hakupaswa kuugusa.

Mwendo nao una mpaka. Tairi la ST lisilo na alama ya mwendo kasi hukadiriwa kwa kilomita 105 kwa saa. California inayabana magari yanayovuta trela yasizidi kilomita 89 kwa saa, ilhali zipo sehemu za magharibi mwa Texas ambako kibao kinaruhusu 129. Ni tairi la kufuatwa, si kibao.

Anayepanda kutoka daraja D kwenda E hapaswi kubadilisha mpira tu. Rimu iwe imeidhinishwa kwa psi 80, na vali pia, maana vali ya kawaida ya mpira huishia psi 65. Radiali haichanganywi na tairi la nyuzi mshazari. Jeki huwekwa kwenye chesisi, si kwenye bomba la ekseli, ambalo hupinda. Nati hukazwa kwa mtindo wa nyota kwa spana yenye kipimo, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 16, 40 na 80, kwa sababu rimu mpya hujikalia taratibu.

Kwenye trela la ekseli mbili tairi moja likipasuka, jirani yake hubeba mzigo wa mawili, na dereva anaweza asihisi chochote kwa kilomita kadhaa. Hilo jirani huumia ndani bila kuonyesha alama, na ni busara kulibadilisha pamoja na lililopasuka. Kila kituo cha mafuta, zunguka trela na kuweka kiganja kwenye kila tairi. Likikutwa moja lina joto kuliko wenzake, safari isimame hapo mpaka ijulikane kama ni upepo, beringi au breki inayong'ang'ania.